Kusuka Transfoma Bongwe

Januari 2025, wiki chache baada ya mitambo ya kampuni ya madini ya Base Titanium kunyamaza, baraza letu la kahawa hapa Bongwe, Kwale, halikuwa na mada nyingine. Mchanga tu. Tangu 2013 ulichimbwa kule bara ya Msambweni, ukaoshwa kwa maji ya bwawa la Mukurumudzi, ukapakiwa malori mpaka Likoni, na Likoni ukapanda meli. Shehena ya kwanza iliondoka Februari 2014. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma, madini yamekwisha, wakaanza kufunga virago.

Kijana mmoja akainua simu yake juu kama mtu anayenadi samaki. "Hii imetoka Kwale hii," akasema. "Wamechukua mchanga wetu, wamekwenda kuutia simuni, wamerudi kutuuzia. Na sasa wanaulizia mlima wa Mrima." Wazee wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi, nikakaa kimya. Si kwamba sikuwa na la kusema. Jibu langu lilikuwa refu kuliko kikombe cha kahawa, nami si hodari wa kusema mbele za watu. Miaka arobaini nimezungumza zaidi na redio mbovu.

Jibu lenyewe linaanzia kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mfinyanzi.

Bibi alikuwa akichimba udongo bondeni, karibu na kijito, akaubeba kichwani mpaka nyumbani. Kabla ya kuubeba aliutia kidogo ulimini. "Huu una chumvi," angesema, akautema, akasogea hatua tatu na kuchimba tena. Nyumbani aliuchanganya na gae la chungu kilichovunjika, lililotwangwa kinuni mpaka likawa unga. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni. Bibi alikuwa akilitwanga gae lenyewe na kulirudisha chunguni. Vyungu vikishafinyangwa vilikaa uvunguni mwa kitanda siku nyingi, kivulini, hata sisi watoto tukachoka kungoja. Ndipo akapanga makumbi na kuni, akawasha moto uani.

Katika kila vyungu kumi, viwili au vitatu vilipasuka. Sikumsikia hata siku moja akiulaumu udongo. "Udongo ni ule ule," alikuwa akisema. "Mkono ndio haukusubiri."

Kazi yake ilikufa mimi nikiwa shule ya msingi. Masufuria ya alumini yalifika Ukunda, mepesi, hayavunjiki, na wagema wakaanza kutilia tembo kwenye madebe ya plastiki. Udongo wa bondeni upo mpaka leo. Waliokwisha ni wanunuzi.

Katika nyumba hiyo hiyo kulikuwa na redio ya National. Baba aliinunua Tanga, kwa ndugu zetu Wadigo wa upande wa pili, siku ambazo mtu alivuka Lunga Lunga kama anayekwenda shambani. Redio za National ziliungwa Dar es Salaam, kwenye kiwanda ambacho kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilikifungua miaka ya 1960. Arusha nako Philips walikuwa na kiwanda chao cha redio. Kwa baba ile ilikuwa redio yetu, redio ya Afrika Mashariki. Aliizungumzia kwa fahari kama vile alishiriki kuifunga skrubu.

Februari 1977 mpaka ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikivunjika, na mpaka haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Redio yetu iliharibika katikati ya miaka hiyo. Ami yangu akaipeleka kwa fundi, fundi akasema kipuri chake hakipo Mombasa, na Dar hakufikiki. Redio ikarudi kukaa kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama picha ya marehemu.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba hata mpaka ungekuwa wazi, Dar kisingepatikana kitu. Kule walikuwa wakiunganisha. Vile vidude vidogo ndani ya redio, transista, koili, kapasita, vilikuja vimefungwa maboksini kutoka Japani. Mikono ya Dar ilivichomea risasi kwenye bodi, ikafunika kifuniko, ikabandika jina. Ni kazi, na iliwalisha wengi, siidharau. Lakini kuunganisha ni jambo moja na kuunda ni jambo jingine, na Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili ili tusiyachanganye. Kijana mwingine barazani alipotaja kiwanda cha simu cha Athi River, kile kilichofunguliwa Oktoba 2023, nilitamani kumwambia hilo tu. Jina la kile kiwanda kwa Kiingereza lenyewe linasema ni cha kuunganisha. Hawakumdanganya mtu.

Kitu kimoja kwenye redio zetu kilikuwa kikiundwa nyumbani kweli: mawe. Watoto wa siku hizi hawajui kwamba betri tuliziita mawe. Za Eveready, zenye paka, zilitoka Nakuru, kwenye kiwanda kilichoanza 1967. Zikichoka tulizianika juu ya bati saa za jua kali, zikapata nguvu ya taarifa moja ya habari, pengine na nusu ya taarabu. Zikifa kabisa tulizipasua, tukatoa ule mti mweusi wa katikati kuchorea ukutani, tukachapwa. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2014. Betri za bei rahisi kutoka Asia zilikuwa zimejaa madukani, na watu walikuwa wamehamia kwenye simu na taa za sola. Mwaka ule ule mchanga wa Kwale ulipopanda meli mara ya kwanza, ndio mwaka huo Nakuru ilipoacha kutengeneza mawe. Sijasikia mtu akiyataja mambo hayo mawili kwa pamoja, wala sisemi moja lilizaa jingine.

Nilimaliza kidato cha nne 1984, nikaingia kwa fundi Ukunda. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Lunga Lunga, mita mbili kwa tatu, na redio za watu zimepangwa mpaka darini. Kitu cha kwanza nilichompelekea ni ile National ya baba. Akaifungua, akanusa, akasema, "Kapasita." Ile iliyokuwa imekauka ilikuwa ya mkebe wa alumini, akaitoa na kutia nyingine aliyoinyofoa kwenye redio iliyokufa. Redio ikasema. Baba alipoisikia alikaa chini.

Lakini nilichokikumbuka siku ile ni kingine. Kwenye bodi kulikuwa na vidonge vya rangi ya kahawia, bapa, kila kimoja na miguu miwili ya waya, kama dawa ya malaria iliyoota miguu. Nikauliza ni nini. Fundi akachukua kimoja kibovu, akakivunja kwa koleo, akanitilia kiganjani. Ndani kulikuwa na kitu cheupe kilichopasuka kwa ukingo mkali.

"Udongo," akasema. "Udongo wa kuchomwa. Kama chungu."

Nilidhani ananitania, kwa kuwa alijua mimi ni mjukuu wa mfinyanzi.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1994 hivi, niliitwa kwenye hoteli moja ya Diani kutengeneza rekoda ya mgeni wa Kijapani, mzee mstaafu aliyesafiri na mke wake. Nilifungua rekoda pale pale kwenye meza ya veranda. Yule mzee akainama, akavaa miwani, akaonyesha kwa ncha ya kalamu vile vidonge vya kahawia, vidogo zaidi sasa. Kiingereza chake na changu havikukutana vizuri. Akasema "Kyoto." Kisha akaweka mikono yake hewani, viganja vimeelekeana, akavizungusha taratibu, vikapanda juu na kupanuka. Alikuwa akifinyanga chungu kisichoonekana. Akarudia: "Kyoto." Nikacheka, naye akacheka, rekoda ikapona, akanilipa vizuri. Sikuelewa.

Nilikuja kuelewa nilipoanza kusoma mambo haya kwenye simu, uzeeni. Kuna kampuni inaitwa Murata. Ndiyo inayotengeneza kapasita za udongo nyingi kuliko yoyote duniani, na ilianzia Kyoto Oktoba 1944, katikati ya vita. Mwanzilishi wake, Akira Murata, alikuwa kijana wa miaka 23, mtoto wa mwenye karakana ya ufinyanzi. Baba yake hakuwa akifinyanga vyungu vya wali. Alifinyanga vile vikombe vya kauri vinavyozuia umeme usishuke kwenye nguzo. Kwa hiyo familia ilijua mambo mawili tayari: namna ya kuchoma udongo usipasuke, na mteja anayeitwa umeme.

Kapasita ni mtungi wa umeme, tuseme hivyo. Bamba mbili za chuma zimekaribiana bila kugusana, na katikati kuna kitu kisichopitisha umeme. Kitu hicho kikiwa kizuri, mtungi mdogo hubeba umeme mwingi. Zamani kazi hiyo ilifanywa sana na ulanga, yale mawe yanayobanduka kama karatasi za kioo. Murata aliufinyanga na kuuchoma unga mwingine, oksidi ya titani. Vita vilipokwisha aliendelea na titani iliyochanganywa na bariamu, akishirikiana na profesa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, na wanunuzi walikuwa mlangoni: Japani nzima ilitaka redio, na mwaka 1951 vituo vya binafsi vikaanza kutangaza. Mwaka 1950 karakana ilikwishasajiliwa kuwa kampuni kamili.

Titani! Niliposoma neno hilo niliiweka simu chini, nikatoka nje kutembea. Ndicho kilichokuwa kikipita barabarani kwetu kwenye malori.

Hapo ndipo mtu hukimbilia kukasirika, na mimi nilikasirika jioni nzima. Kesho yake nikaanza kuhesabu kama fundi. Mchanga wa Kwale ulitoa rutili, ilmenaiti na zirikoni. Duniani kote sehemu kubwa ya rutili na ilmenaiti huishia kuwa unga mweupe wa rangi, na zirikoni huenda sana kwenye vigae. Kama kuna kitu cha Kwale kilichoturudia, basi kiko kwenye kuta nyeupe za hoteli za Diani na sakafu za vyoo vyake. Simu nzima ina kapasita mia kadhaa, pengine elfu, na zote ukizikusanya hazijazi kijiko cha chai. Karakana ya kijana wa Kyoto haikuhitaji meli ya mchanga. Iliweza kuanza na gunia.

Gunia moja tungelipata. Nani angelijua la kulifanya?

Swali hilo nina haki ya kuliuliza kwa sababu nami niliwahi kuwa na kiwanda, ingawa neno hilo lilikuwa kubwa kuliko mlango wake. Mwaka 1989 niliacha kibanda cha fundi wangu kwa baraka zake, nikafungua karakana hapa Bongwe, nyuma ya nyumba ya mama. Umeme wa Pwani Kusini siku hizo ulikuwa ukipanda na kushuka kama maji ya Gazi. Friji za hoteli zilikufa, na kila iliyokufa iliniletea mimi transfoma iliyoungua. Nikajifunza kuzisuka upya. Ndivyo tunavyosema: kusuka transfoma, kama unavyosuka mkeka au nywele.

Transfoma ina moyo wa vipande vya bati vyembamba vilivyokatwa kwa umbo la E na I, na juu ya moyo unasukwa waya wa shaba wenye ngozi ya vanishi. Moyo ukiwa na sentimita kumi za mraba, kila volti inataka mizunguko minne na nusu. Umeme wa nyumbani ni volti 240, kwa hiyo mizunguko 1,080. Ukitaka utoke na volti 12 za taa za bustani, unasuka 54 juu yake. Ukikosa hesabu kwa mizunguko michache, hakuna atakayejua. Ukikosa kwa mia, friji ya mtu inakufa.

Bingwa wangu wa kusuka alikuwa mama mmoja jirani, msusi wa mikeka. Nilimwomba ajaribu siku moja nilipokuwa nimezidiwa. Akauvuta waya kati ya kidole gumba na cha shahada, akautazama. "Miyaa hukata vidole, huu haukati," akasema, akaketi. Mzunguko wake ulilala karibu na mwenzake bila nafasi, tabaka juu ya tabaka, karatasi katikati, kama kwamba amezaliwa Kyoto. Kuhesabu alitumia ubao wa bao wa marehemu babu: kila mizunguko mia moja, komwe moja ikahama kutoka shimo hili hadi lile. Akiamkiwa na mpita njia akiwa katikati ya mia, haitikii. Watu wakaanza kusema mama yule ameingia kiburi tangu aanze kazi za umeme.

Mshirika wangu alikuwa fundi wa bara, aliyekuja Ukunda kutafuta kazi za hoteli akaishia kwangu. Yeye alikata na kupanga mabati ya moyo. Mabati yenyewe tuliyatoa kwenye transfoma zilizokufa, tulizonunua kwa kilo kwa wauza chuma chakavu. Waya mpya tulifuata Mombasa. Kufikia 1996 tulikuwa watu saba, tukitoa transfoma thelathini kwa wiki katika msimu wa wageni. Taa ndogo za volti 12 zilikuwa ndizo fasheni, na kila hoteli ilizitaka kando ya vidimbwi vyake vya kuogelea. Tulisuka na chaji za betri za mashua. Tulianza kuweka jina letu juu ya kifuniko, kwa rangi nyekundu na brashi.

Kosa letu kubwa lilitokea masika ya 1995. Hoteli moja ilichukua transfoma ishirini; kumi na moja ziliungua ndani ya mwezi. Meneja aliniita, akazipanga mezani kama samaki walioharibika, wala hakusema neno. Nilirudi nazo kwenye toroli. Tulipozifungua, shaba ilikuwa imeota kijani. Unyevu wa bahari ulikuwa umeingia chini ya vanishi na kukaa humo.

Wiki tatu tulijaribu vanishi nyingine, na nyingine, fedha zikaisha. Mwishowe nikapanda matatu mpaka Mombasa, kwa mwalimu wa chuo cha ufundi ambaye hakunijua. Alinisikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi. "Mnakausha koili kabla ya kupaka?" akauliza. Tunafuta kwa kitambaa, nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Itie tanurini, nyuzi mia na ushee, saa kadhaa, unyevu utoke wote. Ndipo uizamishe vanishini ikiwa ya moto." Dakika tano. Hakunidai chochote.

Kwenye matatu ya kurudi, pale feri, nilimkumbuka bibi na vyungu vyake uvunguni. Nilikuwa nimelala juu ya jibu lile utoto wangu wote.

Tanuri hatukuwa nalo. Tukapatana na mwoka mikate wa jirani atuachie tanuri lake saa za adhuhuri. Kwa mwezi mmoja transfoma za Bongwe zilinukia mkate. Mwezi wa pili mikate ya Bongwe ikaanza kunuka vanishi, mwoka akatufukuza, nasi tukajenga tanuri letu kwa pipa. Lakini baada ya hapo haikurudi hata moja. Hata leo, hoteli ile ikikarabatiwa, mafundi huziokota darini zikiwa zinafanya kazi na kuniletea kama mchezo.

Ningependa kusema tuliendelea kukua. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na siku zilizofuata ghasia zikashuka mpaka Ukunda na Diani. Watu wa bara waliandamwa kwa kuwa tu ni wa bara. Mshirika wangu alikuja dirishani kwangu usiku, akaniomba mita yake ya kupimia, nikampa na fedha zilizokuwamo kwenye debe. Nilimsindikiza mpaka njia ya nyuma, mkono kwa mkono kama watoto. Sikumwona tena. Wageni wakaahirisha safari, hoteli zikafunga mabawa mazima, na hoteli isiyo na mgeni hainunui taa ya bustani. Kufikia 1998 kiwanda kilikuwa ni mimi, meza, na redio za watu.

Mashine zote zilibaki. Tanuri lilibaki, na mabati magunia mawili. Ndiyo maana mtu akiniambia kiwanda ni mashine, au ni mchanga, huwa namtazama tu.

Wala Kwale si ya kwanza. Wakoloni walichimba ulanga kwenye milima ya Uluguru, Tanganyika, na ulanga ulikuwa moyo wa kapasita za enzi zile. Kivu imetoa koltani, ambayo tantalamu yake imo kwenye kapasita za simu na kompyuta duniani kote. Mwaka 2000 bei yake ilipanda kiasi cha watu kuacha mashamba na kwenda kuchimba. Uluguru hakukuota karakana ya kapasita, na Kivu vilevile. Afrika Mashariki tumewapa watu udongo wa vidonge hivi kwa zaidi ya miaka mia, na bado mtu ana hakika kwamba shehena inayofuata ndiyo itakayotufungulia kiwanda.

Mwaka 2024 nilikwenda Nyeri, kwa mahafali ya binti wa ndugu yangu, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Baridi ya kule ni ya kumchosha mtu wa pwani kabla hajakaa. Binti akanitembeza mpaka kwenye jengo moja ndani ya eneo la chuo. "Baba mdogo, hapa ndipo wanapotengeneza chipu," akanong'ona kama tuko msikitini. Ni kampuni ya Semiconductor Technologies, iliyoanzishwa na Mkenya, Anthony Githinji. Sikuingia; kazi ya namna ile haitaki hata vumbi la pumzi, seuze la mzee wa Bongwe. Mei ya mwaka ule ule, Rais Ruto alipokuwa Washington, Wamarekani walitangaza kushirikiana na Kenya katika mambo ya semikonda chini ya sheria yao ya chipu ya 2022.

Sikujua kama itafika mbali. Nilichokitazama ni umbali kati ya mlango wa kampuni na mlango wa mihadhara: mwendo wa miguu. Mtu wa ndani akiunguza koili yake, anayejua sababu yuko jirani, na hana haja ya kupanda matatu mbili na feri ili aulizwe swali la dakika tano. Kyoto ilikuwa hivyo. Na mchanga? Nyeri hawana bahari wala machimbo ya titani.

Basi nimerudi barazani. Wiki mbili baada ya ule mjadala, yule kijana aliniletea simu yake, haichaji. Nikaifungua juu ya mkeka, nikampa lenzi. Alipoziona kapasita alidhani ni uchafu: punje za kahawia, ndogo kuliko chumvi, zimepangwa safu safu. Moja ilikuwa na mzunguko mfupi. Niliipasha moto, nikaishika kwa kibano, nikapiga chafya. Ikaruka. Tuliitafuta robo saa, tumeinama wawili, tukipepeta mchanga wa sakafu kwa vidole na tochi. "Ni hii?" Si hiyo. "Hii?" Hapana, huo ni mchanga.

"Ndiyo hiyo titani yenu," nikamwambia. Nikamweleza habari ya Murata na tanuri la mkate, vipande vipande, na mengi ya haya niliyoandika. Akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo: Mrima wachimbe au wasichimbe? Mrima ni msitu mtakatifu wa kaya, na chini yake kuna niobiamu na yale madini adimu yanayoingia kwenye sumaku za spika na mota. Serikali iliifutia kampuni ya Cortec leseni ya kuchimba huko mwaka 2013, na madai ya kampuni hiyo dhidi ya Kenya yakatupwa na wasuluhishi wa kimataifa 2018. Tangu hapo wageni hawaachi kuja kuchungulia. Nikamwambia kaya ina wazee wake, wao ndio wa kusema. Mimi kwangu, ukiniuliza kama niobiamu italeta kiwanda, nitakuuliza ni nani hapa Bongwe anayejua kusuka.

"Wewe," akasema.

"Mimi ni mzee. Na yule mama alikufa 2011."

Akanyamaza. Kisha akauliza kama Jumatatu nina kazi nyingi.

Jumatatu alikuja saa mbili kasoro, nisivyomtarajia. Nilitoa magunia ya mabati, panya walikuwa wamezaa kwenye moja. Nikaufuta ubao wa bao, nikapanga komwe. Nikamfunga waya kwenye kigingi, nikamwonyesha namna ya kuushika kati ya gumba na shahada, usikaze ukakatika, usilegeze ukapandana. Mizunguko elfu moja na themanini. Alianza vizuri, midomo ikihesabu bila sauti. Komwe ya kwanza ikahama, ya pili, ya tatu. Mia tatu na arobaini, simu ikalia, ile ile niliyomtengenezea. Akaipokea.

Alipoiweka chini alinitazama, akautazama waya.

"Moja," nikamwambia.